Kupiga Kambi Kando ya Ziwa

Wahenga walisema kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Naandika habari hizi kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi na walimu wenzangu, na mara nyingi zaidi na jamaa zangu, ni raha gani aipatayo mtu mwenye nyumba, kitanda na mlango wenye komeo, hata akaviacha vyote akaenda kulala juu ya mawe, mahali pasipo watu, kando ya maji yenye mamba. Swali ni la haki, wala jawabu lake si la neno moja.

Sisi wa Shinyanga ni watu wa nchi kavu. Nchi yetu ni mbuga na vilima vya mawe, mibuyu na miiba, na ng'ombe wengi kuliko visima. Mvua ikichelewa, twatazama malambo yakipungua siku kwa siku, mpaka yabaki matope yaliyopasuka. Lakini tangu mwaka 2009 bomba kubwa litokalo Ihelele, katika wilaya ya Misungwi, limekuwa likileta maji ya Ziwa Victoria hata Kahama na Shinyanga. Siku moja darasani niliwauliza watoto, "Maji mliyokunywa asubuhi yametoka wapi?" Wakajibu wote pamoja, "Bombani." Nikauliza tena, "Na bomba limeyapata wapi?" Wachache wakasema, "Ziwani." Ndipo nilipouliza ni nani aliyepata kuliona Ziwa kwa macho yake, na katika watoto zaidi ya 50, mikono iliyoinuliwa haikutimia 6. Neno hili lilinikaa moyoni. Watoto wetu hulinywa Ziwa kila siku, wala hawalijui. Basi nikaazimu kwenda, si kulitazama tu kwa kupita dirishani mwa basi, bali kukaa kando yake usiku na mchana, ili nipate la kuwaambia.

Watu wengine hudhani kwamba kupiga kambi ni mchezo wa wageni wenye fedha. Sivyo. Katika karne ya 19 wazee wa Usukuma na Unyamwezi walitembea na mizigo mabegani mpaka Bagamoyo, nao kila usiku walilala kambini, moto ukiwaka; na kwa Wanyamwezi, kijana aliyekwisha kufika pwani alihesabiwa kuwa mtu mzima. Wasukuma walikwenda pia hata ziwa la Eyasi kutafuta chumvi, safari ya siku nyingi porini. Hata mashua ya Stanley, ile aliyozunguka nayo Ziwa zima mwaka 1875, ililetwa toka pwani vipande vipande mabegani mwa wapagazi. Na huko Uingereza, Baden-Powell alipoanza kazi ya Skauti mwezi wa Agosti 1907, hakuanzia darasani. Aliwachukua vijana wapatao 20 akapiga kambi nao katika kisiwa cha Brownsea. Bwana huyo alifariki Nyeri, nchi ya Kenya, mwaka 1941, na kaburi lake liko huko. Kwa hiyo jambo hili si geni kwetu; ila tumelisahau, kwa kuwa siku hizi safari ni ya saa chache, na msafiri hulala kwake.

Tulitoka Shinyanga wakati wa likizo ya Desemba, mimi na mwalimu mwenzangu aliye mwenyeji wa Uzinza. Tulipita Kahama, tukapita Kakola penye mgodi wa Bulyanhulu, tukafika Geita. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu siku za Wadachi, mwaka 1898; mgodi wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Lakini si wote wachimbao katika migodi mikubwa. Kandokando ya njia yetu tuliona kambi za wachimbaji wadogo: maturubai ya buluu, vibanda vya miti, na mbele yake maduara yaliyochimbwa kwenda chini gizani. Hao nao hulala hemani, lakini hawakuja kutafuta raha. Wamekuja kutafuta riziki, na wengi hawajui wataondoka lini. Tena niliona jambo moja la lugha lililonipendeza. Mahali pa kuoshea mawe yenye dhahabu huko machimboni huitwa mwalo; na mahali mitumbwi ya wavuvi ipakuapo samaki, huko Ziwani, huitwa mwalo vilevile. Kweli, katika nchi ile kazi ni mbili tu: ama kutafuta kilicho chini ya ardhi, ama kutafuta kilicho chini ya maji. Na mtafutaji katika kazi zote mbili hulala nje.

Mahali tulipopachagua ni rasi moja ya mawe katika wilaya ya Chato, itazamanayo na kisiwa cha Rubondo. Barabara haifiki. Toka kijijini, tulikoomba ruhusa kwa mwenyekiti, ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, mizigo kichwani. Rasi yenyewe ni mawe matupu, mengine makubwa kama nyumba, yamepandana kana kwamba jitu limeyamwaga toka kikapuni. Katika nyufa zake imeota mikuyu na miti ya miiba. Na chini, penye maji matulivu, pana matete na mafunjo. Upande mmoja waona msitu wa Rubondo kama mstari mweusi juu ya maji. Upande wa pili ni maji matupu hata upeo wa macho, nayo mawimbi hupiga mawe mchana kutwa kwa sauti kama ya ngoma ya mbali.

Nilikuwa nimezoea kuyafundisha mambo haya katika ramani. Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, na uso wake uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Lakini pamoja na upana wake, si la kina kirefu sana: penye kina kuliko pote ni mita 80 hivi. Wataalamu waliochunguza tope la chini wamegundua kwamba miaka ipatayo 15,000 iliyopita Ziwa lilikauka, likawa nyika kama Usukuma wetu. Kisha mvua zikarudi, likajaa tena. Lakini mawe ya nchi ile yana umri wa miaka zaidi ya milioni 2,000. Hesabu hizi zote nilizijua kabla sijatoka nyumbani. Ila mtu akilala chali juu ya mwamba ule usiku, mgongo wake ukausikia ujoto wa jua uliobaki jiweni, na masikio yake yakasikia maji, ndipo hesabu zinapomwingia. Huona kwamba katika nchi ile jiwe ndilo mwenyeji, maji ni mgeni wa jana, na yeye mwenyewe hajafika hata kuhesabiwa ugeni.

Kazi za kambini ni nyingi, nazo ni sehemu ya raha yake. Mmoja hutafuta kuni, mwingine huchota maji huku mwenzake akiangalia mamba. Ugali hupikwa juu ya mafiga matatu ya mawe, na sato aliyenunuliwa asubuhi huokwa juu ya makaa. Jua likizama, mlango wa dunia hufungwa upande mmoja na kufunguliwa upande wa pili. Ndege huacha kulia, vyura huanza. Viboko hutoka majini kwenda malishoni, ukawasikia wakikoroma na kukata majani. Na siku zisizo na mwezi, mbali juu ya maji, taa huanza kuwaka moja moja, mpaka ziwe mstari mrefu kama mji ulioota Ziwani. Hao ni wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa gizani, kwa kuwa hufuata mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu, mvuvi hupumzika.

Upande wa pili wa rasi palikuwa na kambi ndogo ya wavuvi hao. Mzee wao alitujia jioni ya kwanza, akaitazama hema yetu kwa muda, akaniuliza, "Mwalimu, umekosa nyumba huko kwenu?"

Nikamjibu, "Nyumba ninayo, Baba."

Akasema, "Basi umemkosea nani, hata ukaja kulala na viboko?"

Tulicheka wote. Nikamwambia kwamba nimekuja kuliona Ziwa. Akatikisa kichwa akasema, "Ziwa halionwi na mtu aliyesimama ufukoni mchana. Ngoja usiku."

Katika vijana wake alikuwamo mmoja niliyemfundisha darasa la saba miaka sita nyuma. Alikuwa mwepesi wa hesabu, lakini baada ya shule hakupata njia ya kuendelea. Alikwenda kwanza maduarani, kisha Ziwani. Aliposikia sauti yangu alikuja mbio, akainama, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika, "Marahaba, mwanangu." Alikuwa amerefuka sana, na viganja vyake vilikuwa vigumu kama kamba. Alikaa nasi kidogo motoni, kisha akaitwa, akaenda kusukuma mtumbwi.

Maneno ya mzee yule yalitimia usiku wa pili. Yafaa kwanza nieleze sababu yake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Kwa hiyo pepo huvuma toka pwani zote za Ziwa kwenda katikati. Zikikutana huko, hewa yenye unyevu hupanda juu, mawingu hujengeka, na radi huanza. Ndiyo maana Ziwa hili hutulia jioni likamdanganya mgeni, kisha hukasirika usiku wa manane. Sisi wa mikoa hii twajua misiba ya maji; hatujasahau MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, wala MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Lakini mitumbwi ya wavuvi hupotea pasipo majina yake kuandikwa popote.

Ilipata saa nane za usiku tulipoamshwa na upepo. Hema ilikuwa ikipigapiga kama bawa la kuku aliyekamatwa. Tulitoka, tukamkuta mzee amesimama mwambani, akihesabu taa. Mitumbwi yake ilikuwa mitatu, naye alizijua taa zake kwa mahali zilipokuwa. Tulipokuwa tukitazama, mji ule wa juu ya maji ulianza kuzimika, taa hii, na ile, na nyingine. Mzee akatuambia kwamba zote hazizimwi na maji; mvuvi akikimbia huopoa taa zake. Lakini sauti yake haikuwa na utulivu. Akasema, "Walimu, mnazo kuni kavu?"

Kuni tulikuwa nazo chini ya hema. Tukawasha moto mkubwa mahali penye uwazi, palipoonekana toka Ziwani. Mvua ilipofika, tuling'oa turubai la hema yetu, watu wanne tukalishika pembe zake, tukaufunika moto kwa juu, upande wa Ziwa tukauacha wazi. Hivyo ndivyo tulivyosimama, mikono juu, mvua ikitupiga migongoni na moshi ukituingia machoni, na kila umeme ulipomulika tuliona mawimbi meupe, tusione mtumbwi. Hakuna aliyesema neno, ila mzee, ambaye mara kwa mara aliita majina ya vijana wake, si kwa kupaza sauti, bali kama mtu asomaye orodha ya darasa.

Mtumbwi wa kwanza ulifika kama saa kumi. Wa pili ukafuata. Wa tatu, wenye kijana wangu, haukuonekana. Mvua ilikwisha, moto tukauchochea, kukapambazuka, furukombe akaanza kulia juu ya mkuyu kana kwamba hapakuwa na lolote. Ndipo mzee alipoonyesha kwa kidole: kitu cheusi, kidogo, kikipanda na kushuka. Walikuwa wanne, wote wazima. Wavu ulikuwa umepotea na taa mbili pia.

Kijana alikuja akaketi kando ya makaa, akitetemeka. Nikamkumbuka Bwana wetu aliyewawashia wanafunzi wake moto ufukoni asubuhi, walipokuwa wamevua usiku kucha. Na kwa mara ya kwanza nilifahamu kwamba makaa yale yalikuwa rehema kubwa kabla hata ya samaki. Tulimpa ugali. Alipokwisha kula akasema, "Mwalimu, tuliuona moto. Tulikuwa hatujui tena nchi kavu iko upande gani."

Nikamwuliza, "Uliogopa?"

Akajibu, "Niliogopa sana." Akanyamaza. Kisha akasema, "Usiku huu tutarudi."

"Bila wavu?"

"Mzee ataazima. Giza limebaki siku chache, mwezi ukikua hakuna kazi."

Sikuwa na la kumjibu. Jioni nilimwona akisukuma mtumbwi kama jana.

Siku iliyofuata tulivuka toka Kasenda kwenda Rubondo. Kisiwa hiki kimekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977, nacho ni kisiwa cha ajabu. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Profesa Grzimek alileta huko sokwe 17 toka Ulaya, wengi wao waliokuwa wamefungiwa katika bustani za wanyama. Wakaachwa msituni, wakajifunza upya kujitafutia chakula na kujenga viota vyao, na wazao wao wapo hata leo. Tembo na twiga nao waliletwa. Wenyeji wa asili ni viboko, mamba, pongo, fisi maji, na yule nzohe apendaye kujificha mafunjoni. Simba na chui hawako. Pwani yake ni mawe na msitu uliofika majini, na mnandi hukausha mabawa yao juu ya miamba pasipo kuogopa mtu. Uvuvi wa biashara hauruhusiwi katika maji ya hifadhi, na samaki huzaliana humo kwa amani. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba walikuwako watu, wavuvi na wakulima, nao waliondolewa katika miaka ya 1960 ili pori lipate kuwa pori. Utulivu ule uliotupendeza una gharama yake, na si sisi tulioilipa.

Sasa naweza kumjibu yule mzee, na jamaa zangu pia. Jambo la kwanza livutalo watu kwenda pwani ya namna ile ni kwamba huko mtu hupata kipimo chake. Mjini na shuleni mwalimu ni mtu mkubwa. Akiingia, watoto husimama. Juu ya mwamba hakuna asimamaye. Upepo haukujui cheo chako, nao wafundisha pasipo fimbo.

Jambo la pili ni shukrani. Mungu aliwaamuru Waisraeli watoke nyumbani mwao kila mwaka, wakae siku saba katika vibanda, ili wazao wao wasisahau walikotoka. Hakusema kwamba nyumba ni mbaya. Ila mwenye nyumba asiyetoka kamwe husahau kwamba dari ni kipawa. Niliporudi kwangu Shinyanga, mvua ilipopiga bati usiku, niliisikiliza kwa moyo mwingine.

Jambo la tatu ndilo kubwa kwangu. Iko kambi ya hiari, na iko kambi ya haja. Na mtu wa kambi ya hiari akifungua macho, atamwona jirani yake wa kambi ya haja. Kama nisingalilala mwambani, ningalijua bei ya dagaa sokoni, wala nisingalijua thamani yake. Uzuri wa Ziwa na hatari yake ni kitu kimoja. Sisi tuliuendea uzuri, wavuvi wameikubali hatari, na usiku ule tulikutana chini ya turubai moja.

Basi mwalimu atakaye kwenda, nampa mashauri machache. Aombe ruhusa kwa wakuu wa kijiji au wa hifadhi. Asiingie katika maji matulivu yenye majani, kwa kuwa humo wamo konokono watoao vijidudu vya kichocho, navyo hupenya ngozi pasipo mtu kusikia. Achemshe maji ya kunywa, asisahau chandarua. Asipige hema katika njia ya viboko, ambayo hujulikana kwa majani yaliyokanyagwa, wala juu kabisa ya mwamba penye kupigwa na radi. Asichote maji peke yake jioni. Tena abebe kuni kavu kupita haja yake, akaziweke pasiponyesha. Huenda zikamfaa mwingine. Na akiondoka, asiache taka yo yote, ila majivu.

Kwenu, walimu wenzangu, natoa ombi moja. Wapelekeni watoto wakaone. Kama Ziwa ni mbali na nauli ni haba, basi hata kilima kilicho karibu, hata usiku mmoja, pamoja na wazazi wao na moto. Lakini asiyeweza kuwapeleka na awaambie walau hili: maji yatokayo bombani hutoka mahali penye mawe ya kale, na mawimbi, na giza, na usiku, wao wanapolala, wako watu juu ya maji hayo. Anywaye asubuhi na awaombee.